Shemeji Alitaka Kujua Chuma Kinakuwa Nini

Mwaka ule nilikuwa nafundisha Fizikia peke yangu shule nzima. Mwenzangu alihamishwa, na aliyetakiwa kuja badala yake hakufika. Kila nikiuliza ofisini naambiwa yuko njiani. Kuanzia kidato cha kwanza mpaka cha sita vipindi vyote vilikuwa vyangu, na mikondo mingine niliiunganisha, wanafunzi wakikaa watatu kwenye dawati la mmoja. Nilikuwa naamka nimechoka. Napiga mswaki nimechoka, nachemsha chai nimechoka, naingia darasani na sauti ambayo imebaki nusu tangu jana yake. Kwa joto la Mpanda la mwezi wa kumi, kufika saa nane mchana chaki inateleza mkononi kwa jasho.

Nilikuwa nakaa kwa dada yangu, mtaa wa Nsemulwa. Dada ananizidi miaka tisa na anauza dagaa sokoni, wale wanaoletwa kutoka Karema. Mume wake, ambaye ni shemeji yangu, alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Ukipita mtaa ule ukaona geti lenye ua la petali sita katikati, basi ni kazi ya mkono wake. Ni mtu wa Litapunga, alikozaliwa na kukulia kwenye mashamba ya wazazi wake waliokuja kutoka Burundi, na ufundi alijifunza mwenyewe kwa kutazama wenzake.

Uwezo wa kuona ulimwondoka kidogo kidogo. Alianza kwa kugonga vitu vya pembeni: bega kwenye fremu ya mlango, goti kwenye stuli. Akawa anageuza kichwa kizima kumtazama mtu aliyekaa ubavuni mwake. Mtaani walisema ni zile cheche, kwamba alichomelea miaka mingi bila kioo. Hospitali walisema ni presha ya macho, na kwamba amechelewa. Nilipohamia pale alikuwa bado anatofautisha mchana na usiku. Baada ya miezi michache hata hilo likaisha.

Karakana aliiacha mikononi mwa mwenzake waliyeanza naye kazi. Yeye akabaki nyumbani, barazani, na redio ndogo miguuni. Na redio ndiyo iliyoniletea matatizo.

Siku hiyo nilirudi saa kumi na moja jioni, begi limejaa madaftari.

"Shemeji, umerudi?"

"Nimerudi."

"Pole na kazi."

"Ahsante."

"Hivi shimo jeusi ni nini?"

Nilijua amesikia kipindi redioni. Nikamjibu kwa haraka, kama ninavyowajibu wanafunzi wa somo la mwisho la siku. Nikasema ni nyota kubwa iliyokufa ikajikunja yenyewe, mvutano wake ukawa mkali kiasi kwamba hata mwanga hautoki. Nikamalizia kwamba ndani yake ni giza tupu.

"Giza liache, hilo nalijua," alisema. "Nauliza vitu. Kitu kikiingia humo, tuseme chuma, kinakuwa nini?"

"Kinabanwa."

"Kinabanwa mpaka kinakuwaje?"

"Kinabanwa sana, shemeji. Ngoja kwanza nivue viatu."

Akasubiri. Nikakaa kwenye ngazi, nikafungua kamba, nikavua.

"Umeshavua?"

Nikacheka bila kupenda.

"Mimi nimepiga chuma miaka ishirini na mbili," alisema. "Chuma hakibanwi. Ukikipiga hakipungui, kinahama. Ukipiga juu, kinatokea pembeni. Ndiyo maana kinakuwa bapa. Sasa huko unakosema kinabanwa, pembeni kuna nini? Kinahamia wapi?"

Nimesoma Fizikia chuo kikuu, nimefaulu, na sikuwahi kujiuliza hivyo. Nikamwambia nitaangalia kesho.

Kesho yake nilisahau. Yeye hakusahau. Akawa ananisubiri kila jioni, na kila jioni swali lilikuwa lile lile limevaa nguo nyingine. Je, kitu kikifika humo bado kina uzito? Kama uzito upo, si ina maana kitu kipo? Kama kipo, ni kigumu au ni uji? Ungeweza kukishika, kingekuwa cha moto au baridi? Nilimjibu vipande vipande huku nasahihisha, nikasema hiki Jumatatu na kinyume chake Jumatano, na yeye alikuwa anashika kila neno. "Lakini juzi ulisema," ananiambia. Juzi! Mimi nilikuwa sikumbuki nilichokula asubuhi.

Halafu ukaja wakati wa mitihani ya majaribio ya kidato cha nne. Nilikuwa na mitihani imerundikana mezani hadi kwenye kiti. Yeye akapapasa ukuta, akaja mpaka mlangoni.

"Shemeji, nimewaza. Labda humo ndani chuma kinayeyuka."

"Hakiyeyuki."

"Kinakuwa mvuke?"

Nikaweka kalamu chini. "Shemeji, hakuna anayejua! Hakuna mtu duniani anayejua. Na hata ukijua, itakusaidia nini?"

Nilisikia sauti yangu ilivyotoka. Ilikuwa sauti ninayoitumia kwa watoto waliovunja dirisha.

Alisimama kidogo. "Sawa, mwalimu," akasema, akageuka na ukuta wake.

Hajawahi kuniita mwalimu, si kabla ya siku ile wala baada yake.

Zikapita siku nne bila swali. Nikirudi ananisalimia vizuri, anauliza kama nimekula, basi. Redio ilikuwa inacheza muziki. Nilipaswa kufurahi kwa utulivu ule, maana niliuomba, lakini nilikuwa nakosa raha na pia sikuwa na nguvu za kufanya lolote juu yake. Uchovu una tabia hiyo, unaona kabisa kosa lako limekaa pale, na unapita pembeni yake kwenda kulala.

Dada ndiye aliyenianza. Tulikuwa uani tunachambua dagaa, tunatoa mchanga.

"Umemwambia nini mwenzio?"

Nikamweleza. Hakunigombeza. Alipepeta ungo mara mbili tatu.

"Alikuwa ananisimulia jioni," alisema. "Mambo ya nyota, sijui uzito, mimi simwelewi hata kidogo. Lakini alikuwa anasimulia. Sasa nikirudi sokoni anakula, ananyamaza, analala. Wewe ndiye umesoma. Kamtengeneze."

Jumamosi alikuwa na desturi ya kwenda karakana, kukaa tu asikie vyuma. Nikamfuata huko. Ni banda la mabati lililo wazi mbele, na mwenzake alikuwa ndani anachomelea fremu za madirisha. Shemeji alikaa kwenye benchi nje, kivulini, anachagua vipande vya nondo kwa vidole: milimita kumi upande huu, kumi na mbili upande ule. Nikakaa karibu yake.

"Shemeji, ni mimi."

"Nimejua, viatu vyako vinalia."

"Nimekuja kukuomba msamaha. Nilikujibu vibaya."

"Ulikuwa umechoka."

"Nilikuwa nimechoka, ndiyo. Lakini nilikujibu vibaya."

Akaendelea kupanga nondo. Halafu akasema, "Unajua watu wakija kwangu wanasema nini? Wanasema pole. Majirani pole, mchungaji pole, wateja wangu wa zamani pole. Wanakaa kidogo, wanaangalia, nasikia kabisa wanavyoniangalia, wanaondoka. Hakuna anayeniambia kitu ambacho sikijui. Uliniuliza itanisaidia nini. Itanisaidia kuwa nimesikia kitu kipya siku hiyo. Basi. Si zaidi ya hapo."

Sikujua niangalie wapi. Nikamwambia nimekuja na daftari, kwamba usiku uliopita nilirudia vitabu vyangu vya chuo, na kwamba leo ninajibu vizuri, kwa mpangilio, na nisipojua nitasema sijui.

"Subiri kwanza," alisema. Akapapasa chini ya benchi, akatoa kipande cha nondo kilichopigwa ncha moja ikawa bapa kama ulimi. "Shika hapa pa duara. Sasa shika hapa bapa. Chuma ni kile kile, hakijapungua hata punje. Hiyo ndiyo elimu yangu yote. Sasa wewe lete yako."

Nikaanza. Nikamwambia chuma alichoshika kimejengwa na atomu, na kila atomu sehemu yake kubwa ni tupu; katikati kuna kiini kidogo sana, na mbali nacho kuna elektroni. Kinachofanya chuma kiwe kigumu ni kwamba elektroni za huku na za kule hazikubali kurundikwa mahali pamoja. Nyundo yake miaka yote ilikuwa inagombana na elektroni.

"Na zinashinda," alisema.

"Kwa nyundo yako zinashinda. Kwa nyota kubwa hazishindi. Zinasukumwa mpaka zinaingia kwenye kiini, zinaungana na protoni, inabaki nyutroni tupu. Hapo kipande cha kujaza kijiko kina uzito wa mlima."

"Bado ni chuma?"

"Si chuma tena. Jina la chuma limeishia hapo."

Akatikisa kichwa taratibu. Nikamwambia pia jambo ambalo sikuwa nimelipanga, lilinijia tu kwa sababu ya mahali tulipokaa. Nyota inaishi kwa kuunganisha vitu vyepesi kuwa vizito, na kila hatua inapata moto wa kujishikilia isianguke. Inakwenda hivyo hatua kwa hatua. Ikifika kwenye chuma inakwama, kwa sababu chuma kikiunganishwa hakitoi moto, kinaula. Moyo wa nyota ukishajaa chuma, hakuna tena cha kuushikilia. Unaanguka ndani kwa kufumba na kufumbua.

Mikono yake ilitulia. "Chuma?"

"Chuma."

"Hiki hiki?"

"Hiki hiki, shemeji."

"Kumbe mimi nimefanya kazi na majivu." Akamwita mwenzake kwa sauti kubwa, "We! Zima hiyo mashine uje usikie! Tunachomelea majivu ya nyota!" Mwenzake akainua kioo usoni, akasema ana fremu za watu za kumaliza, akashusha kioo.

"Haya, tuendelee," shemeji alisema. "Zile nyutroni nazo?"

"Nyota ikiwa nzito mno, nazo zinashindwa. Baada ya hapo hatujui kitu chochote cha kuzuia. Na hapo ndipo linapoingia swali lako la pembeni."

"Ehe."

"Ukishavuka ukingo wa shimo, upande wa kwenda katikati unaacha kuwa upande. Unakuwa kama kesho. Huwezi kusema mimi kesho siendi. Uende kulia, uende kushoto, kesho itafika."

"Hata ukikaa tu."

"Hata ukikaa tu."

Ndani ya banda mashine ilikuwa inanguruma. "Hiyo naielewa," alisema mwishoni. "Na huko katikati?"

"Hesabu zinasema kila kitu kinafika mahali pasipo na urefu wala upana. Sifuri. Lakini hata wanaopiga hizo hesabu hawaziamini zikifika hapo."

"Ni kama futikamba ikuambie geti lina upana wa sifuri," alisema. "Kosa si la geti."

"Kosa ni la futikamba."

"Basi sema hivyo tangu mwanzo! Si kwamba hakuna anayejua. Sema futi yetu haifiki."

Nimefundisha miaka kumi na moja na sijawahi kumsikia mwanafunzi akilisema vizuri namna ile. Pengine ndiyo maana nikapata wazo la kumpeleka shuleni. Kidato cha sita tulikuwa tunarudia sifa za maada, jinsi vitu vinavyobanwa na kuvutwa, na nilikuwa nimechoka kuchora springi ubaoni. Mkuu wa shule aliuliza kama jambo hilo limo kwenye silabasi. Nikamwambia limo. Akauliza tena kama nina uhakika, nikasema nina uhakika, akanipa vipindi viwili vya Alhamisi mchana.

Shemeji alivaa shati jeupe ambalo dada alilipiga pasi mara mbili. Tulikwenda kwa bajaji, vyuma vyake vimefungwa kwenye kitambaa magotini. Nilimwongoza mpaka mbele ya darasa, wanafunzi wakasimama, akawaambia wakae, kisha akaanza vizuri kabisa: jina la kazi yake, nyundo zake, jinsi chuma cha moto kinavyotii na cha baridi kinavyogoma.

Dakika kumi hazikupita, mvua ikaanza. Ilikuwa ya kwanza kubwa msimu ule, na paa letu ni bati tupu bila dari. Yeye akapaza sauti. Mvua nayo ikapaza. Nilimwona mdomo unacheza na sikusikia hata neno, nami nilikuwa hatua mbili kutoka alipo. Hakuweza kuona kwamba hakuna anayesikia, akaendelea kidogo, halafu naona mwenyewe aliisikia sauti yake ikipotea, akanyamaza. Akasimama pale na mikono pembeni. Nikamshika mkono nikamkalisha kwenye kiti changu. Nilitamani kulia, si kwa sababu ya jambo kubwa, ni kwa vile hata hiki kidogo nacho kiligoma.

Alifungua kitambaa, akanyoosha vyuma mbele yake. Wanafunzi wa mbele wakavipokea, wakavipitisha nyuma. Darasa zima likawa linashika vyuma bila kusema kitu, mvua inapiga juu. Msichana mmoja alikuja mbele akainama akampigia kelele sikioni, na yeye akamjibu vivyo hivyo sikioni mwake, kwa muda mrefu. Walisemezana hivyo mara tatu nne. Sikujua wanasema nini.

Mvua ilipopungua zilibaki dakika kumi na tano. Akaeleza habari ya futikamba. Kengele ikalia katikati ya sentensi.

Kwenye bajaji ya kurudi aliuliza, "Wangapi walikuwa wamelala?"

"Wachache."

"Usinidanganye, shemeji."

"Nusu."

Akafikiri. "Nusu siyo mbaya."

"Yule msichana alikuuliza nini?"

"Aliniuliza kwa nini chuma ukikipiga sana kinapata moto bila kuwekwa motoni. Nikamwambia hilo ni lako, akuulize wewe. Akasema wewe umechoka siku zote, anaogopa kukuuliza."

Nikaangalia nje. Maji yalikuwa yanapita barabarani na watu wamejibanza chini ya vibaraza vya maduka. Jumatatu yake nilimwita msichana yule, nikamweleza. Hilo nililifanya.

Mvua zilipokolea, shemeji alihamia Litapunga kwa mama yake, ambaye alikuwa amebaki peke yake na shamba. Alisema kule angalau anaweza kupukuchua mahindi na kumenya karanga, kazi ambazo vidole vinatosha. Dada alimfuata baada ya kumalizana na mambo ya soko. Mimi nikapanga chumba karibu na shule. Mwalimu mpya wa Fizikia alifika muhula uliofuata, kijana mzuri, mchapakazi, nikamgawia vidato vya chini. Nilidhani uchovu utaisha. Ulipungua kidogo tu.

Likizo iliyopita nilikwenda kuwatembelea. Dada alikuwa ameenda shambani; shemeji nilimkuta barazani na rundo la karanga, mama yake pembeni. Amenenepa. Aliniambia ameshawasimulia majirani wote habari za shimo jeusi. Kanisani walimsikiliza kwa adabu, wakabadilisha mazungumzo. Aliyeshikilia ni mzee mmoja Msukuma, mfugaji, aliyehamia upande wa pili wa bonde na ng'ombe wake.

"Akaniuliza, na ng'ombe akiingia humo?" shemeji alisema. "Nikamwambia kama ulivyonifundisha. Kwa nje utajua uzito umeongezeka, basi. Huwezi kujua kama kilichoingia ni ng'ombe au ni nondo."

"Akasemaje?"

"Amekataa kabisa. Anasema haiwezekani, ng'ombe lazima ajulikane. Ana alama, ana rangi, ana mama yake. Anasema hao wataalamu hawajaangalia vizuri. Anakuja kila Jumapili tunabishana."

"Na wewe unamwambiaje?"

"Siku hizi nakaribia kumuunga mkono," alisema, na mama yake akacheka, ingawa sidhani kama alikuwa amefuatilia.

Nilimwambia kwamba hilo nalo ni swali ambalo wakubwa wa fani hii bado wanagombana juu yake, kama habari ya kitu kilichoingia inapotea kweli au imefichika mahali. Akataka nimweleze. Nikaanza kumweleza, mgongo nimeegemeza kwenye nguzo, upepo wa mchana unatoka shambani. Nakumbuka nilifika mahali fulani kwenye maelezo, nikatafuta neno, nikafumba macho nilitafute vizuri.

Nilipoamka jua lilikuwa limehamia upande wa pili wa nyumba. Mtu alinilaza kwenye mkeka na kunifunika kanga. Karanga hazikuwepo. Nilisikia sauti zao huko nyuma, jikoni, wanaongea kwa kunong'ona, na mama mtu akimwambia mwanawe kwa Kirundi jambo ambalo sikulielewa, naye akamjibu kwa Kiswahili, "Muache kwanza. Atamalizia kesho."